Mate ya Bibi na Serikali ya Dunia

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina uhakika na dakika kwa sababu nilipotoka shule na kukuta gari jeupe limeegeshwa mbele ya nyumba yetu hapa Mjimwema, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama saa, kama mtu anayejua baadaye ataulizwa. Ndivyo nilivyo. Gari nisilolijua likisimama kwetu siwazi kwamba tumepata wageni. Nawaza kwamba kuna mtu amekufa, au kuna mtu anataka kitu.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa amekufa. Yaani yupo, lakini alikufa zamani, kabla bibi yangu hajazaliwa.

Sebuleni walikuwa wanne. Bibi, mama yake baba, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Baba mdogo, ambaye ndiye anayeangalia nyumba tangu baba ahamishiwe kikazi Tunduru. Na wageni wawili. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, nywele fupi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na huko kunyooka kwenyewe kukanitia shaka. Mwingine kijana wa Kitanzania mwenye miwani, mtafiti mwenzake kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akicheka kabla mtu hajamaliza kusema.

"Njoo usalimie," baba mdogo akaniambia. "Hawa wamekuja kwa ajili ya babu."

Babu aliyemsema ni babu yake bibi. Kwetu habari yake inajulikana hata na watoto wa chekechea. Alikuwa nduna, kiongozi mdogo chini ya mtawala, mwenye eneo lake na watu wake, na Wajerumani walimnyonga hapa Songea pamoja na wenzake baada ya vita vya Majimaji. Baba yake bibi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwili ulifukiwa shimo moja na wengine. Kichwa, wazee walisema, kilikatwa kikasafirishwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani walikipeleka kwa mfalme wao ili aamini kazi imekwisha. Mwalimu wetu wa Historia akasema hapana, huko kwao walikuwa wakipima mafuvu ya watu wa kila bara ili waandike nani ana akili na nani hana. Nikaona heri sababu yangu ya utotoni.

Mama wa Kizungu alieleza taratibu, mikono magotini. Katika jumba moja la makumbusho kwao kuna mafuvu yaliyotoka pande hizi, yamo kwenye masanduku, hayana majina. Wakipata mate ya ndugu wa damu ya karibu wanaweza kulinganisha. Babu akipatikana, familia itaarifiwa, na mazungumzo ya kumrudisha yataanza.

"Yataanza," bibi akarudia. "Yataisha lini?"

Yule kijana akacheka. Mama wa Kizungu hakucheka. Akasema hajui, ni lazima serikali mbili zikubaliane, na hakuna sheria inayolilazimisha jumba lile kurudisha chochote.

"Hakuna pa kuwashtaki?"

"Hakuna, bibi. Dunia haina baraza la jambo kama hilo."

Wakaacha karatasi tatu zilizobanwa pini. Walisema watarudi Ijumaa jioni kuchukua mate na sahihi, na Jumamosi asubuhi wanaondoka Songea. Karatasi zilikuwa za Kiingereza.

"Kitu cha kawaida tu, bibi," yule kijana akasema akiwa mlangoni. "Inasema umekubali kwa hiari yako."

Kurasa tatu za kusema ndiyo. Nikazichukua nikaingia nazo chumbani.

Nilisoma na kamusi mpaka nikaitwa kuchagua mchele, nikarudi nikaendelea. Ukurasa wa kwanza ulisema yaleyale ya mama wa Kizungu. Wa pili ulisema mate yatahifadhiwa huko bila kikomo cha muda, na yanaweza kupewa taasisi nyingine kwa tafiti nyingine zitakazokuja, kwa manufaa ya binadamu wote. Wa tatu ulisema aliyetoa akishatoa hana madai.

Manufaa ya binadamu wote. Nikapiga mstari kwa penseli. Hao binadamu wote ni akina nani? Na bibi, ambaye nadhani ni mmojawapo, mbona hataulizwa tena?

Sikumwambia mtu. Naandika hivi kwa sababu ndiyo kweli. Sababu ya kwanza ni kwamba kwenye mtihani uliopita Kiingereza nilipata C, na mtu wa C hawezi kusimama akasema karatasi ya watafiti ina jambo. Sababu ya pili ni bibi mwenyewe. Jioni ileile alikuwa ameshatoa unga wa kupika togwa ya wageni, na alikuwa akiimba wimbo wa kanisani akiwa anauchekecha. Sijawahi kumsikia akiimba siku ya kazi. Sababu ya tatu ni kwamba mimi huwa sisemi. Nikiwa na la kusema naliandika humu daftarini, kisha naona kama nimeshalisema.

Alhamisi mchana tulikuwa na mdahalo shuleni, na mada ilikuwa kama dunia iungane iwe chini ya serikali moja. Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa kupinga. Kwenye mdahalo Kiswahili ni marufuku, kwa hiyo tuliijadili serikali ya dunia kwa lugha ya watu waliowahi kuitawala, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, moyoni.

Msemaji wa upande wa kuunga mkono ni msichana aliyehamia mwaka huu, baba yake ni mtumishi wa serikali kutoka Moshi. Alisema joto la dunia haliombi viza. Ugonjwa haupigi hodi mpakani. Nchi kubwa zikipigana, bei ya mafuta ya taa inapanda hadi vijijini kwetu. Kwa hiyo awepo mkubwa mmoja wa kuwaamulia wote. Makofi.

Hoja yangu nilikuwa nimeiandika vizuri. Ilikuwa inasema hivi: sisi tulishawahi kuwekwa ndani ya serikali iliyotoka ng'ambo. Ilikuwa na sheria moja, kodi moja, na ilisema inatuletea ustaarabu. Walioikataa walinyongwa. Kwa hiyo mtu akinitajia serikali moja kwa wote, kabla sijapiga makofi nataka kwanza kuona kamba iko wapi.

Nilisimama. Nikasema "Mheshimiwa mwenyekiti" kwa Kiingereza. Maneno mengine yakakataa kutoka. Nikakaa. Nyuma kuna mtu akasema, "Asante kwa hotuba," darasa zima likaangua kicheko, na hata mwalimu akaziba mdomo kwa daftari la mahudhurio.

Njiani kurudi nyumbani nilijichunguza, nikagundua kitu kibaya zaidi ya aibu. Nilikuwa nakubaliana na yule msichana nusu nzima. Kama lingekuwapo baraza la dunia, bibi angekuwa na pa kwenda kushtaki. Angesimama mbele ya majaji akasema, nipeni kichwa cha babu yangu, na wale wa jumba la makumbusho wangelazimika kujibu. Lakini hilo baraza lingekaa mji gani? Si Songea, hilo nina uhakika. Fomu zake zingeandikwa kwa lugha gani? Na nani angemsomea bibi ukurasa wa pili? Nikaona kwamba wakati wa kuchukua dunia huwa moja, ina binadamu wote na manufaa yao. Wakati wa kurudisha inagawanyika, kila nchi inakumbuka sheria zake.

Nilifika nyumbani nikiwa simwamini msichana wa Moshi, simwamini mama wa Kizungu, na zaidi ya wote sijiamini mimi.

Ijumaa saa kumi jioni gari likaja. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mama wa Kizungu akasema shikamoo, akaitikiwa, akafungua kisanduku mezani akatoa kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha buluu. Kabla hajaeleza chochote, bibi akaniashiria nikalete togwa.

Kwetu mgeni hapewi kikombe hivihivi. Mwenyeji anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone hamna sumu. Hata padri akija bibi anaonja. Basi akachukua kikombe cha kwanza, akanywa mafunda mawili makubwa, akasubiri kidogo kama anayesema, mnaona, sijaanguka, kisha akawapa. Wageni wakanywa. Yule kijana akasifu. Mama wa Kizungu akaweka kikombe chini, akakitazama kichupa, akamtazama bibi, akasema taratibu:

"Bibi, Jumatano tuliomba usile wala usinywe kitu kabla ya kutoa mate."

"Nakumbuka. Sijala tangu saa sita."

"Lakini sasa umekunywa."

"Ulitaka nikupe kikombe bila kuonja? Ungekunywa?"

"Ningekunywa," akasema mama wa Kizungu.

"Basi wewe ni mjinga, mwanangu," bibi akamwambia kwa upole kabisa, na baba mdogo akakohoa kwa nguvu ili kulifunika neno lile.

Ikabidi tusubiri nusu saa. Kijana akatega simu yake ilie muda ukitimia. Nusu saa ya watu watano kukaa na kutazama kichupa ni ndefu. Baba mdogo aliongea habari za mvua na bei ya mbolea, akaishiwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, karatasi tatu ziko mapajani. Nilijua kwamba simu ikilia bibi atatema mate, ataandika jina lake, na mimi nitakuwa mtu pekee humu ndani wa upande wetu aliyejua alichokisaini.

"Bibi," nikasema.

Wote wakageuka. Sauti ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyopanga.

"Ukurasa wa pili una maneno ambayo hukusomewa."

"Wewe mtoto," baba mdogo akasema, "haya ni mambo ya watu wazima. Nenda kaangalie moto."

"Moto haupo," nikasema, na ilikuwa kweli, tunapikia gesi siku za wageni.

"Mwache," bibi akasema. "Soma."

Nikasoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, kidole kwenye mstari wa penseli. Sikuruka hata binadamu wote, nikafika mwisho. Bibi akanisikiliza macho amefumba. Akamgeukia yule kijana.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ee, bibi, lakini hiyo ni lugha ya kitaalamu tu. Haina maana yoyote mbaya."

"Kama haina maana, ifute."

"Hatuwezi kufuta," akajibu mama wa Kizungu. Alikuwa hacheki wala hakasiriki. "Imepitishwa na kamati."

"Kamati iko wapi?"

"Kwetu."

"Ehe," akasema bibi.

Ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliinama mbele, akachungulia kisanduku, akaona kuna vichupa vingine. Akachukua kimoja, akakiweka mbele ya mama wa Kizungu.

"Mimi nimeonja togwa yangu mbele yako. Na wewe onja yako. Tema humo, kisha uniachie. Nitakiweka kabatini mwangu. Muda? Hakuna muda. Nikifa atakitunza huyu mjukuu wangu, na akitaka kumgawia jirani, agawe. Kwa manufaa ya binadamu wote."

Baba mdogo alishika kichwa. Mama wa Kizungu akawa mwekundu kuanzia shingoni. Alikichukua kichupa, akakigeuzageuza, na kwa muda mfupi nilidhani atatema. Nilitamani ateme. Nadhani hata yeye alitamani.

"Siwezi, bibi," akasema mwishowe. "Taratibu haziruhusu. Ni taarifa zangu za mwili, zingekuwa..." Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

"Mimi nitatoa!" yule kijana akadakia. "Nipe hapa."

"Wewe mtoto wa nyumbani, mate yako yana kazi gani kwangu? Watu wa kwenu wamewahi kuchukua kichwa cha nani?" Bibi akaegemea kiti. Simu ya kijana ikalia wakati huohuo, nusu saa imetimia, na hakuna aliyeizima. "Basi. Na mimi mdomo umenikauka."

Waliondoka kwa adabu, wakashukuru kwa togwa. Mama wa Kizungu alinipa mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Sijui alimaanisha nini na sikutaka kudhani vizuri.

Gari lilipokata kona baba mdogo akanigeukia. Sikuwahi kumwona vile. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige.

"Mama ana umri gani? Hebu niambie. Hawa wakiondoka kesho, nani atarudi? Miaka yote tumekaa hapa tunasubiri mtu abishe hodi aseme amekiona kile kichwa. Leo amekuja, wewe unasoma ukurasa wa pili. Mimi sikutaka karatasi nzuri. Nilitaka babu azikwe."

Inawezekana alikuwa sahihi. Inawezekana mate ya bibi yangekaa kwenye friji yao hata siku moja yasifanye ubaya wowote, na babu angekuwa amepatikana. Nilikwenda uani nikakuta bibi amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, bado na kitenge chake cha Pasaka. Jua lilikuwa linazama. Nikakaa, nikachukua maganda kadhaa, tukapukuchua pamoja.

"Baba yako mdogo amekasirika," akasema.

"Nimekuharibia, bibi?"

"Kila mwaka tukifanya tambiko tunamwita babu upande wa kaburi. Tunamwambia nani amezaliwa, nani ameolewa. Mimi sijui kama anasikia. Masikio yameenda na kichwa." Akatupa ganda. "Namtaka. Namtaka kuliko unavyojua wewe. Ila hawakumwuliza yeye walipomchukua. Mimi nikitoa bila kuulizwa sawasawa, itakuwa wametuchukua mara mbili, na ya pili nimewafungulia mlango mwenyewe."

"Kwa hiyo usitoe?"

"Nani amesema nisitoe? Leta daftari."

Akanitamkia, nami nikaandika. Mate atatoa. Yafanye kazi moja, kumtafuta babu, na si nyingine. Kazi ikiisha yaharibiwe, na mtu wa familia ajulishwe siku na mahali. Jibu lolote, liwe zuri au baya, lije kwake kwanza na kwa Kiswahili, kabla halijaandikwa kwenye kitabu cha mtu. Na kama mambo haya ni lazima yapelekwe kwa kamati, basi kamati iandike barua yenye jina la mtu, maana yeye hawezi kukubaliana na kamati, anakubaliana na mtu.

"Andika na Kiingereza," akasema. "Wasije wakasema hawakuelewa."

Nikaandika na Kiingereza, nakala mbili kwa mkono. Bibi akaandika jina lake polepole, kama walivyomfundisha wakati wa kipaimara. Wakati wa chakula nikaiweka barua mezani mbele ya baba mdogo. Aliisoma yote mara mbili. Akauliza neno moja la Kiingereza nimelitoa wapi. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akasaini chini ya jina la mama yake kama shahidi, na akaendelea kula bila kunitazama.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka saa kumi na moja na nusu. Nyumba ya wageni walikofikia haiko mbali na stendi. Nilitembea haraka, barua zote mbili ndani ya daftari ili zisijikunje, na njia nzima nilikuwa nahesabu sababu za kurudi. Niliwakuta wanapakia mabegi. Yule kijana ndiye aliyeniona kwanza.

"Mwanasheria wa bibi huyo!" akasema, akacheka.

Nikamwamkia mama wa Kizungu, nikampa barua. Aliilaza juu ya boneti akaisoma ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza, akairudia ya Kiswahili.

"Hili la kuharibu linawezekana," akasema. "La jibu kuja kwanza kwa bibi, hilo naahidi. La kazi moja tu, siwezi kuamua. Lazima niwaulize."

"Waulize," nikasema. "Bibi yupo."

"Inaweza kuchukua muda."

"Mama, kichwa mnacho tangu enzi za Wajerumani. Muda mnao."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Aliniangalia, nami nikaangalia chini, lakini sikurudisha mguu nyuma. Nikafungua daftari, nikatoa nakala yetu, nikamwomba asaini kwamba amepokea. Akasaini. Nikamwomba aandike jina lake lote kwa herufi kubwa chini ya sahihi. Akaandika. Nikampa yule kijana naye kalamu, kwa sababu Ijumaa wote wawili walikuwepo na wote walisikia, na safari hii hakucheka.

Kisha nikasimama kando ya gari, nikangoja nione barua ya bibi itawekwa wapi, kwenye mkoba wake au kwenye ule mfuko wa plastiki wenye chupa tupu na maganda ya ndizi. Aliiweka kwenye mkoba, akavuta zipu. Ndipo nikaondoka.